Pistoni ya Nne

Fundi wa zamani haamini macho peke yake. Akitaka kujua kama pistoni ina ufa, huitundika kwenye kidole, akaigonga kwa spana mara tatu, kisha akasikiliza. Iliyo nzima hulia, yenye ufa hukata sauti papo hapo. Elieza Ndahani alikuwa fundi wa zamani, na saa sita ya mchana mmoja wa mwezi Juni, ndani ya gereji yake ya Mkonze, pembezoni mwa Dodoma, aliitundika pistoni ya nne, akaigonga mara tatu, ikalia vizuri, ikanyamaza. Halafu ikagongwa tena mara tatu, na spana alikuwa ameshaiweka mezani.

Mwingine angetoka mbio. Lakini Elieza alikuwa na siku nyingi hajagongewa mlango na mtu, na mdomo wake ulijibu kabla akili haijafika.

"Karibu," alisema.

Usimcheke kwanza. Miaka kumi na minane huyu alifanya kazi katika karakana ya shirika la umma, watu thelathini wakipigiana kelele kutwa nzima, wakitaniana hadi chai inapoa. Ikaja miaka ya ruksa, ya biashara huria, shirika likafungwa, wenzake wakatawanyika kila mmoja kwao. Mwaka huohuo mkewe Yudith akafariki, na mtoto hawakujaliwa. Akabaki na gereji ya mabati kando ya njia, iliyokuwa pia nyumba yake, na dada yake mdogo, Anyesi, aliyetoka Nkuhungu kila Jumapili baada ya kanisa kumletea chakula. Jumatatu hadi Jumamosi aliweza kukaa bila kusema neno, hata jioni akawa anakohoa makusudi kuhakikisha kwamba sauti bado anayo.

Gari lilikuwa la Wambura, karani wa Bunge. Lilikuja kwa meli kutoka Japani, la mtumba kama yalivyokuwa mengi siku hizo, dogo lakini lina tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu hadi gari dogo linapanda mlima kama kubwa. Wambura alilipandisha milima bila huruma mpaka pistoni moja ikatoboka kichwani. Kaka yake aliyekuwa Nairobi akamtafutia seti mbili, kila moja ndani ya boksi lake, akasema fundi achague.

"Chagua wewe, fundi," Wambura aliyaambia mabati zaidi kuliko mtu, maana Elieza alikuwa uvunguni. "Mimi najua kalamu tu. Ninachotaka ni gari la kunifikisha ofisini."

Seti ya kwanza ilikuwa ya kumimina, yaani madini yamemwagwa ndani ya kalibu yakaganda. Pistoni za namna hiyo hukaa karibu na ukuta wa silinda na hazina kelele hata injini ikiwa baridi, ila tabo ikizidishwa, joto huzipasua. Seti ya pili ilikuwa ya kufua, zimegandamizwa kwa mashine zikiwa za moto mpaka madini yakashikana. Hizo haziogopi tabo. Lakini hutanuka zaidi zikipata joto, kwa hiyo fundi lazima aziachie nafasi kubwa ndani ya silinda, na injini ikiwa baridi huyumba na kugonga, ko, ko, ko, mpaka ipate moto. Kwa mtu wa mashindano hilo si kitu. Kwa karani anayekaa Nkuhungu, ambaye anafika ofisini injini bado vuguvugu, ni uchaguzi wa kijinga. Tabo ingepunguzwa kidogo na pistoni za kumimina zingetosha kabisa. Elieza alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na boksi la za kumimina alikuwa ameshaliandika kwa chaki, "Hizi."

Alizigonga za kufua kwa ukamilifu wa kazi tu. Baada ya ile ya nne kumjibu, alifuta neno lile kwa kiganja, akaliandika kwenye boksi la pili.

Injini ilipokamilika, aliiwasha asubuhi ya baridi, upepo ukipuliza vumbi chini ya mlango. Ikagonga kama alivyotarajia. Ila pistoni iliyolegea hugonga kwa kufuata mzunguko wa injini, bila kupumzika, na hii iligonga mara tatu, ikatulia, ikagonga mara tatu. Gereji ikajaa harufu ya mvua ya kwanza inapoangukia udongo mkavu. Alitoka nje akatazama juu. Mbingu ya Dodoma mwezi Juni haina hata wingu la kusingizia.

"Karibu," alisema tena, safari hii kwa kujua.

Injini mpya haikabidhiwi siku hiyo hiyo. Fundi huizoesha kwanza, polepole, bila kuichokoza tabo, na kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja. Elieza akawa anaendesha kuelekea Zuzu na kurudi, mchana, barabara tupu. Siku ya pili, harufu ya mvua ilikaa kwenye kiti cha kushoto, na sauti ya chini isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikamwuliza, "Umekula?"

Alishika usukani kwa nguvu. Hakugeuka. Nywele zilimsimama, lakini hakusimamisha gari, kwa sababu tangu Yudith azikwe hapakuwa na mtu aliyemwuliza hivyo siku ya kazi.

"Bado," alijibu kwa kunong'ona.

"Ukale. Mimi nipo."

Injini ilipopata moto, sauti ilikoma. Basi akaanza kufanya jambo ambalo fundi hafanyi. Aliegesha kivulini, akaiacha ipoe, akaiwasha, akazungumza, akaiegesha tena. Wambura alipokuja kuulizia gari lake aliambiwa ringi za pistoni hazijakaa sawa. Wiki iliyofuata akaambiwa hivyo hivyo. Alipoweka mkono kwenye kitasa ili alisikilize mwenyewe, kitu kiligonga ndani ya boneti, injini imezimwa, na Wambura akaondoa mkono wake taratibu, akaaga, akaenda zake kwa miguu.

Jumapili Anyesi alikuta meza imewekwa sahani tatu.

"Shikamoo kaka. Unamngoja nani?"

"Marahaba. Simngoji mtu."

Elieza alikula naye akitazama kando. Alitaka dada yake aondoke, na alipoondoka akafurahi, na Anyesi aliliona hilo usoni mwake, akaenda nalo kwake.

Kesho yake saa sita mchana, mlango wa Anyesi uligongwa mara tatu. Alichungulia dirishani asione mtu, ila nyumba ikanukia mvua. Hakuitika. Siku ya pili ukagongwa, na siku ya tatu, na siku hiyo alipomwita mtoto wake sauti ilitoka na mikwaruzo, na kesho yake ikawa ndogo zaidi, mpaka kufikia Jumamosi alikuwa anaongea kwa pumzi tu, na kila neno lilimchosha kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali.

Jumamosi hiyohiyo Elieza alikuwa njiani kurudi kutoka Zuzu, injini ameiacha ipoe makusudi chini ya mti wa miiba, na alipoiwasha na kugongewa na kukaribisha kama kawaida yake, harufu ilikuja nzito kuliko siku zote, ikamjaa puani na mdomoni hadi akaonja tope, na sauti ikamwuliza kama amekula, lakini safari hii haikuwa ya chini wala haikukosa mwenyewe, ilikuwa sauti ya Anyesi, ile ile, na kile kimkato chake cha mwishoni, imekaa kando yake kwenye kiti kitupu ikingoja jibu.

Aliendesha moja kwa moja mpaka Nkuhungu. Alimkuta dada yake amejikunja kwenye mkeka.

"Kaka," Anyesi alinong'ona, "uliyemkaribisha ananimaliza."

Alimpeleka kwa mzee Mustapha, fundi mstaafu wa reli, ambaye alijua chuma na alijua kisomo cha kutoa pepo. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamtazama Anyesi.

"Mimi siwezi kumtoa," alisema polepole. "Angevunja mlango, ningemsomea akatoka. Huyu kabisha hodi, na mwenye nyumba kamwitikia. Mwenye nyumba ndiye wa kumwambia aondoke."

"Nimwambieje, mzee?"

"Zitoe zile pistoni. Ufunge zile nyingine. Kesho saa sita uzipeleke korongoni, uziweke chini, useme kwa kinywa chako kwamba humkaribishi tena. Atakusemesha, usimjibu. Halafu ugeuke urudi." Mzee alimshika mkono. "Na Elieza, najua ulivyolelewa. Usimsindikize. Hata hatua moja. Ukimwacha, dada yako atapona. Ukimsindikiza, hatakuwa na sababu ya kwenda."

Elieza alifanya kazi mpaka alfajiri. Pistoni za kumimina ziliingia kwa upole, gari likawaka bila kugonga hata kidogo, na Wambura alipolichukua asubuhi alisema halijawahi kuwa tulivu namna ile. Likaenda. Gereji ikabaki na kimya ambacho Elieza alikuwa amekisahau.

Saa sita alizishusha pistoni nne mchangani, kule korongoni.

"Sikukaribishi tena," alisema. "Nenda."

Harufu ya mvua ikainuka. Hapakuwa na hasira yoyote, na hilo lilimtesa zaidi.

"Haya," sauti ilisema, na tayari ilikuwa imeanza kupoteza ile ya Anyesi. "Asante kwa ukarimu. Wewe baki salama. Ila huku sipajui, Elieza. Nifikishe relini tu."

Alikuwa ameshageuka. Alikuwa ametembea hatua kumi kuelekea nyumbani, na nyumbani aliona vizuri kulivyo, meza, kiti cha pili kitupu, jioni, kukohoa ili ajisikie. Na katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni atoke peke yake, hata yule aliyemkosea, maana mama yake asingekubali. Alijiambia ni mpaka relini tu. Reli haikuwa mbali. Alirudi, akasimama upande wa kulia, wakaanza kutembea taratibu kuelekea upande wa Zuzu, wakizungumza, na walipofika relini, sauti ikasema kwamba si vizuri Elieza naye arudi peke yake kwenye jua lile, kwa hiyo na yenyewe ingemsindikiza kidogo.

Anyesi alikuwa gerejini akimngoja. Tangu saa sita sauti yake ilikuwa imerudi. Alikuwa amefagia akiimba wimbo wa kwaya, akapika ugali na mlenda, akaufunika. Alimwona kaka yake kwa mbali, peke yake kwenye njia nyeupe. Alitembea pembeni kabisa, kwenye majani makavu, katikati ya njia ameacha nafasi ya mtu. Kichwa amekiinamisha kushoto. Anacheka.

Alitaka kumwita. Alifungua mdomo, na ikatoka pumzi tupu.

"Umekuja, mdogo wangu," Elieza alisema alipofika. "Ongeza sahani. Nimerudi na mgeni, amekataa kabisa nirudi peke yangu."

Alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ileile ambayo Anyesi alimwombea kanisani kwa miaka miwili, imemjaa uso mzima, na ndiyo iliyomvunja moyo. Alikitua chakula mezani. Alifunga kitenge chake vizuri, akashika njia ya Nkuhungu. Mbele kidogo aliangalia nyuma mara moja, akaona kaka yake ameshatoa viti viwili, anapakua.

Hakuna aliyemsindikiza.