Kitanda Kilichoinama

Asubuhi hiyo lifti ya chuo cha udaktari iligoma, na umati ukajaa chini ukilalamika. Fundi alipochomoka shimoni na ovaroli yake ya bluu, bega lake likapaka grisi koti jeupe la binti mmoja, mwanafunzi wa udaktari.

"Samahani, Dokta. Nitalifua."

"Kwa mikono hiyo? Si litarudi jeusi tii!"

Wakacheka. Hakulifua, ila alimtafuta tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka rafiki za binti wakaanza kuuliza lifti gani hii isiyopona. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Kisha binti akachaguliwa katika utafiti wa tiba ya anga; atakayeumaliza angepata nafasi ya mafunzo ya udaktari wa wanaanga. Walitaka kujua mwili wa binadamu unapatwa na nini huko juu kusiko na uzito, kwa hiyo waliojitolea walilazwa mwezi mzima kwenye vitanda vilivyoinamishwa upande wa kichwani. Kula, kuoga, kusoma, yote ukiwa umelala. Kichwa kikiinuka, vipimo vimeharibika, na nafasi ya mafunzo imekwenda na maji.

Kwa fundi alisema tu kwamba anakwenda kwenye mafunzo. Damu ilipomjaa usoni akavimba macho na mashavu, akaanza kukwepa kamera ya simu.

"Washa basi nikuone, kipenzi."

"Mtandao unasumbua, laazizi."

"Mtandao gani unaopitisha sauti tu?"

Fundi si mtoto. Jumamosi akavaa shati lililopigwa pasi likanyooka, akaelekezwa wodi na rafiki wa binti, akapanda na kuingia bila kubisha hodi. Binti alipomwona akageukia ukutani upesi, akajifunika shuka.

"Hata kuinuka kunisalimu?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Kama kuna mwingine, sema nijue."

Binti akazidi kujivutia shuka usoni. Fundi akaondoka. Viatu vyake vilisikika vikienda mbali, na binti akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu. Akiinuka, amepoteza nafasi aliyoisomea miaka yote. Asipoinuka, amempoteza mwanamume anayempenda kuliko anavyojua kusema. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akaachia ukingo, akachukua simu, akampigia.

"Usikate. Nimelazwa kichwa chini, miguu juu, siruhusiwi kuinuka. Uso umevimba kama mto. Niliona aibu unione hivi, ndiyo maana nikakudanganya."

Fundi akapumua kwa nguvu.

"Wewe mwanamke! Mimi nimekesha namtafuta mwanamume mwenzangu, kumbe ni mashavu?"

Alirudi mbio. Binti akageuka kwa ubavu, akamwonyesha uso wake wote. Fundi akalala sakafuni kando ya kitanda, na shati lake lile lile, mpaka macho yao yakakutana.

"Kijana, sakafu si ya wageni!" muuguzi akafoka.

"Nivumilie, dada. Namwangalia mke wangu."

"Mke wa nani?" binti akauliza.

"Wangu, ukikubali. Wenzangu hupiga goti. Mimi nimelala kabisa, nishuke wapi tena?"

Muuguzi akasahau kufoka. Binti alitaka kuitikia kwa kichwa, akakumbuka marufuku, akashika shavu la fundi.

"Nakubali," akasema, kwa sauti iliyosikika hadi kitanda cha mwisho.