Swara wa Kabiro

Gambuti ya Osewe ilitua juu ya kiatu cheupe cha Gathoni katikati ya soko la Kawangware.

"Wewe! Unakanyaga watu na hata pole huna?"

"Pole, mrembo. Nilikuwa naangalia uso, nikasahau miguu."

Gathoni akacheka, basi kwisha habari! Simu hazikulala tena. "Umekula, babe?" "Bado, nakungoja wewe." Baba mtu, mzee Kagiri mwenye ploti Kabiro, hakujua lolote. Ampe binti yake mchimba vyoo, Mjaluo wa Kibera? Thubutu!

Ghafla Osewe akanyamaza, hashiki simu. Wanaume na kununa, wacha tu! Hata mzee Kagiri alipompa kazi ya shimo la choo, alichimba bila kumtazama Gathoni. Mchana mmoja, baba akiwa ameenda kununua simiti, Gathoni akashuka ngazi ya shimo na gauni lake la njano, kumuuliza kulikoni. Chini kabisa shimo lilikuwa limetobokea kwenye pango. Osewe akajitoma humo kumkwepa. Naye huyo nyuma yake. Udongo ukaporomoka, mlango ukazibika.

Giza tupu.

"Osewe, tutakufa?"

"Muulize yule jamaa mliyekumbatiana pale steji ya Satellite."

"Muigai? Ni ndugu yangu, ametoka Qatar juzi! Mjinga wewe, wivu wako umetuzika!"

Gathoni akawasha tochi ya simu. Ikamponyoka, ikaanguka kando ya ukuta. Mwanga ulipolala ubavuni mwa mwamba, wanyama wakajitokeza, wamechongwa kwa mistari mirefu: kifaru, na swara wawili, wa mbele amegeuza shingo kumngoja mwenzake.

"Ni nani aliyechonga picha hizi?"

"Watu wa kale. Kabla Mkikuyu na Mjaluo hawajaanza kununiana."

"Huyu wa nyuma amechelewa kama wewe."

"Nisamehe, Gathoni. Nilikufa kwa wivu."

Akamsamehe papo hapo huku analia, maana alimpenda.

Sepetu zikasikika juu. "Gathoni!" Ni baba, amerudi na majirani. "Unatafuta nini huko na mchimba choo?"

Osewe akanong'ona, "Sema uliniletea chai. Atanifukuza, nisikuone tena."

Gathoni akamtazama yule swara wa mbele, shingo bado imegeuka.

"Nilimfuata bwanangu, Baba!"

Sepetu zikanyamaza. Osewe akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Hewa ilikuwa nzito.

Kisha sepetu moja ikaanza tena, polepole.

"Mwambie huyo bwanako asogee nyuma," mzee akafoka. "Udongo usimwangukie."