Nilivyomkubalia Kila Mtu, Mama Akapoteza Macho

Nina miaka arobaini na miwili, fundi wa nguo hapa Migwani, na mama wa watoto watatu. Shida yangu ni moja: sijui kukataa.

Mwaka jana nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, kiongozi wa kwaya, na mwanakamati wa wazazi shuleni. Binti wa jirani akaniomba nimshonee gauni la harusi, pamoja na wasimamizi wake sita. Nikasema sawa. Kwaya nayo ikataka sare mpya. Nikasema sawa...

Hapo ndipo kaka yangu Mutua alipopiga simu kutoka Makindu. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, alikuwa akiishi peke yake Kanyangi, na presha ya macho ilikuwa imemshika. Alihitaji kutiwa dawa kila siku na kupelekwa kliniki kila mwezi. Mutua alitaka kumchukua akae naye kwake.

"Wacha tu," nikamwambia. "Mimi ndiye msichana wake. Nitamleta kwangu."

Mwezi wa kwanza nilimpeleka kliniki. Wa pili kulikuwa na mkutano wa shule. Wa tatu, sare za kwaya... Dawa nilimtilia nilipokumbuka, na chupa ilipoisha nikasema nitanunua kesho. Mutua akiuliza, nilimjibu kwamba Mwaitu anaendelea vizuri, huku miguu yangu ikikanyaga cherehani.

Jumamosi ya harusi nilikimbia nyumbani kuchukua shela. Nilimkuta Mwaitu mlangoni, leso yake imelowa chai. Nilisimama mbele yake kabisa.

"Ni nani?" akauliza.

Nikapunga mkono mbele ya macho yake. Hayakuufuata.

"Mwaitu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuona uko na kazi nyingi, Mwende. Nikaona nisikuwe kazi ingine."

Daktari alisema macho hayo hayatarudi. Mutua alikuja kumchukua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nilimpeleka kliniki mara ngapi.

"Mara moja," nikasema.

Akaendelea kukunja nguo za Mwaitu.

Nimeachia wengine kwaya, kikundi na kamati. Vyote vinaendelea bila mimi... Je, ni nani aliyenidanganya kwamba vingekufa?

Ndugu zangu, kukataa si dhambi. Kama mzigo umekushinda, sema mapema, na mwenye nafasi akitaka kukupokea, mpe. Siku ile Mutua alipopiga simu, ningemwambia "mchukue wewe", leo Mwaitu angekuwa anaona.