Maoni ya Abdulswamad

Mtaa wa Kongo siku hiyo ulifurika mpaka unakanyagwa, halafu unaomba radhi wewe. Chiku aliinama kwenye turubai la Rajabu, muuza vitabu chakavu, akashika riwaya moja nene. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Dada'angu, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona, hujaishika."

Kijana akacheka. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na raba safi, maana kazi yake ilikuwa kuuza viatu vya mtumba Mchikichini. Jina lake Abdulswamad. Alimtazama Chiku, dera lake la zambarau na mtandio ulioteleza begani, akaachia kitabu.

"Haya, soma wewe. Ukimaliza unipe, na mimi nitakupendekezea kingine. Nipe namba."

"Unataka kitabu au unataka namba?"

"Kitabu hakipokei simu, mrembo."

Namba akapewa. Basi wakawa wanapokezana riwaya, na jioni Chiku akishafunga kibanda chake cha madera, simu inaita. Na huyo kijana alijua kusema! Alimweleza kwa nini bi harusi wa sura ya tatu alilia bila machozi, na kwa nini mke mkubwa hugundua mapema kuliko wote. Chiku alikuwa akijilaza na simu sikioni, anatabasamu peke yake kama mwehu. Alipenda, tusifichane. Alipenda mpaka akaanza kuogopa.

Maana Chiku alishawahi kuvishwa pete na bwana mmoja, kumbe bwana ana mke na watoto Morogoro. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na kwa Abdulswamad unyasi ulikuwa mwingi. Kitabu kimoja kilirudi na kibanio cha nywele katikati ya kurasa.

"Cha nani hiki?"

"Ah, kitakuwa kilikuja nacho kutoka kwa Rajabu."

Kitabu hicho Chiku alikinunua kipya, dukani. Akaliweka moyoni.

Akamuuliza anaishi na nani kule Magomeni. "Na familia." Familia gani? "Familia tu, mpenzi." Je, siku moja aje awasalimie? "Sasa hivi nyumbani hapaingiliki, vumilia kidogo."

Halafu ikaja ile jioni wakiwa wanabishana kwenye simu juu ya fundi cherehani wa kwenye riwaya aliyemdanganya mkewe, mara sauti ya mwanamke ikadakia kutoka upande wa pili: "Mwambie huyo fundi ni mnafiki tu!"

"Nani huyo?" Chiku aliuliza.

"Redio."

"Redio imesoma kitabu chetu?"

Simu ikakatika. Chiku alikaa na hasira mpaka kichwa kikamuuma. Yaani maneno yote yale matamu, yale ya mke mkubwa, ni ya mke mwenyewe! Anasomewa na mkewe, kisha anakuja kumtongoza nayo mwingine!

Kesho yake hakufungua kibanda. Alichukua bajaji mpaka Magomeni, akauliza nyumbani kwa Abdulswamad, yule muuza viatu wa Mchikichini, ni wapi, akaonyeshwa mlango wa kijani. Akabisha kwa ngumi.

"Hodi!"

"Karibu, pita ndani mwanangu, mimi sitoki."

Ndani, juu ya mkeka, alikaa mwanamke wa makamo, mavazi meupe kuanzia kichwani, hana hereni, hana wanja, hana hina. Pembeni yake riwaya zimepangana. Chiku aliitambua hali ile mara moja, kwa kuwa hata shangazi yake aliwahi kuikaa. Ngumi ikafunguka yenyewe.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa, mwanangu. Nipo eda ya baba yake Abdulswamad. Mimi Siti." Bi Siti akamkagua. "Na wewe ndiye unayemtetea yule fundi? Hebu kaa hapa unieleze, maana nimekasirika tangu jana."

Chiku alikaa. Walibishana, wakacheka, wakapandishiana sauti. Kila jambo Bi Siti alilosema, Chiku alishalisikia usiku kwenye simu. Abdulswamad alipoingia na mfuko wa mkate aliganda mlangoni.

"Mwenzangu," Chiku akasema, "umesoma vitabu vingapi?"

Kijana akainamisha kichwa. "Siku ile kwa Rajabu nilikuwa namnunulia mama, apate cha kumliwaza. Ningekwambia yupo eda, ungekuja kumpa pole. Na mama hana siri. Angekwambia mwanawe hasomi vitabu, ni mtu wa mpira tu."

"Kweli ningekwambia," Bi Siti akaitikia.

Chiku akainuka, akaaga. Moyo ulikuwa umepoa kuhusu mke, ila haukupoa kuhusu uongo. Ikiwa maneno yote yalikuwa ya mama, yeye alimpenda nani? Abdulswamad akamfuata mpaka barazani.

"Kile cha fundi nimekisoma, Chiku. Chote, mwenyewe. Ndicho cha kwanza maishani. Na sikukipenda."

"Mama yako anakisifia, mimi nakisifia, wewe hukukipenda?"

"Mkewe alimsamehe upesi mno. Mtu amedanganywa miezi yote ile, anabembelezwa kidogo tu, yameisha? Mimi ningekuwa yeye ningemsotesha."

Neno hilo halikuwa la Bi Siti, wala halikuwa la kumpendeza mtu.

"Basi utasota," akasema.

"Nitasota. Lakini mama akitoka eda tu, naleta posa kwenu."

"Ilete," Chiku akajibu, akiweka mtandio sawa. "Ila siku hiyo mama yako akae kimya. Useme wewe."