Ishara ya Mgongoni

Ijumaa mchana, duka la piza la barabara ya Corrientes, Buenos Aires, lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Watu walikula wamesimama, kiwiko kwa kiwiko, sahani zikiwa juu ya kaunta ya marumaru, makoti ya baridi yakinuka mvua na jibini. Eliseo Bertoldi, fundi miwani wa mtaa wa Boedo, alinyoosha mkono kuchukua pilipili, na kiwiko chake kikaisukuma chupa ya soda ya mtu wa pembeni. Chupa ikayumba, ikaanguka.

Haikufika chini. Mkono wa mwanamke ulishuka, ukaidaka usawa wa goti na kuirudisha mahali pake. Mwenye mkono huo hakuacha hata kutafuna.

"Mama yangu!" Eliseo alisema. "Dada, umefanyaje hivyo? Hukuitazama hata!"

"Ningeanza kuitazama, sasa hivi tungekuwa tunaokota vigae."

Eliseo ndipo alipomwangalia vizuri. Alikuwa mrefu, mabega mapana, sweta ya sufu rangi ya mvinyo, nywele zimekazwa nyuma, hereni ndogo za fedha, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Eliseo alijikuta anavuta koti lake lifunike kitambi.

"Na wewe mbona una miwani mbili?" mwanamke aliuliza. "Moja machoni, moja kwenye paji la uso."

"Hii ya karibu, hii ya mbali. Mimi ni fundi miwani."

"Na chupa yangu ilikuwa karibu au mbali?"

"Katikati."

"Pole. Katikati ndiko wanakopotea wengi."

Muuza piza aliyekuwa akisikiliza alishindwa kuvumilia. "Eliseo, hujui unaongea na nani? Huyo ni Jorgelina Arregui, wa tenisi!"

"Tenisi?" Eliseo aliona aibu. "Nisamehe, bingwa. Mimi tenisi huangalia ile ya mmoja mmoja."

"Usijali, hata waandishi wa magazeti walikuwa hivyo hivyo. Mimi nilicheza wawili wawili. Habari zangu zilikuwa mstari wa mwisho, chini kabisa ya ukurasa, juu ya tangazo la matairi."

Alisema bila kinyongo. Jorgelina alijua thamani yake. Alitoka mji wa Tandil akiwa msichana na raketi moja, akaizunguka dunia miaka mingi na mwenzake Vlasta, Mcheki mwenye ulimi mkali, wakabeba vikombe mpaka mama yake akakosa pa kuviweka, kimoja akapandia maua. Goti lilipokataa kazi hakulia. Aliagana na Vlasta uwanjani, akarudi Buenos Aires, na sasa alikuwa akifundisha mabinti kwenye klabu moja ya mtaa wa Caballito. Wivu na wale wa mmoja mmoja hakuwa nao hata chembe. Wale, alikuwa akisema, hucheza na woga wao; mimi nilicheza na mtu.

Jumatatu simu yake iliita.

"Hujambo, bingwa? Ni yule wa chupa."

"Namba umepewa na nani?"

"Muuza piza. Nimemtengenezea miwani ya kusomea."

"Rahisi hivyo! Haya, unataka nini?"

"Nataka kujifunza tenisi."

"Umri?"

"Arobaini na kitu."

"Basi hutaki tenisi, fundi. Unataka kitu kingine."

"Je, nikitaka vyote viwili?"

Kikaja kicheko kikubwa kilichomfanya Eliseo aondoe simu sikioni. "Kesho asubuhi. Na uje na miwani moja."

Tuseme ukweli, Eliseo hakuwa mchezaji. Alikimbia kama mtu anayewahi basi huku amebeba mayai. Lakini alikuwa na mkono mzuri wa kuanzisha mpira, hakuna aliyejua ulitoka wapi, na alikuwa hachoki kujaribu. Kila baada ya zoezi waliketi kwenye benchi, soksi zao nyekundu kwa udongo wa uwanja, wakipokezana kibuyu cha mate, ile chai chungu ya Waargentina, na mrija mmoja. Eliseo alimsimulia habari za wateja waliovaa miwani ya marehemu waume zao. Jorgelina alimsimulia habari za Vlasta na hoteli zisizo na idadi. Mate ikapoa, wakawa hawajali. Wiki zilivyokwenda mikono ikachelewa kuachiana kibuyu, na jioni moja ya mvua, chini ya paa la bati la stoo ya nyavu, Eliseo aliivua miwani yake mwenyewe ili ambusu bila kizuizi.

"Sasa hunioni," Jorgelina alimwambia.

"Umbali huu, mpenzi, nakuona bila msaada wowote."

Majira ya kuchipua yalipokaribia, klabu ikatangaza mashindano ya wawili wawili, mwanamke na mwanamume. Jorgelina aliandikisha majina yao bila kumuuliza.

"Utachekwa," Eliseo alimwonya.

"Nicheze na nani mwingine? Sikiliza. Wewe utakuwa nyuma unaanzisha, mimi niko mbele kwenye wavu, siwezi kugeuka. Kwa hiyo nitakuambia kwa mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo. Ngumi: nabaki nilipo. Kiganja wazi: navuka. Nikivuka, unakimbia kushika pale nilipotoka."

"Ngumi, nabaki. Kiganja, navuka."

"Na lazima ujibu. Sema 'sawa', nikusikie. Ishara bila jibu ni mkono tu."

Kumpa mtu mgongo, tunavyojua wote, ni kumdharau. Kwa Jorgelina ilikuwa kinyume. Maisha yake yote mgongo wake alimpa mtu mmoja tu, Vlasta, na tangu waachane hakumpa mwingine, si uwanjani wala nyumbani. Wanaume walikuja, wakapewa uso mzuri, kicheko, chakula cha jioni, mgongo hapana. Sasa alikuwa anampa fundi miwani mwenye kitambi. Alilijua hilo, na lilimtisha kuliko fainali yoyote aliyowahi kucheza.

Wakashinda mechi ya kwanza, wakashinda ya pili. Ushindi wote ulikuwa wa Jorgelina, ila zile "sawa" zilikuwa za Eliseo, alizipiga kwa sauti mpaka wazee wa meza ya karata wakawa wanamwitikia. Wakaingia fainali.

Jumamosi, wiki moja kabla ya fainali hiyo, Vlasta akapiga simu kutoka Barcelona. Chuo kimoja cha huko kilimtaka Jorgelina awe mkuu wa mabinti wa wawili wawili: nyumba, mshahara mnono, jina kubwa mlangoni. Alitaka jibu upesi. Jorgelina alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaiweka simu kwenye spika huku akifunga kamba za viatu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mke wa don Hipólito, mwenyekiti wa klabu, alikuwa anaoga humohumo, akasikia yote.

Jioni hiyo klabu ilichoma nyama. Jorgelina alivaa gauni la kijani lililoacha mabega wazi na viatu vya kisigino. Eliseo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na dada yake. Jorgelina alipanga kumwambia habari za Barcelona wakiwa wawili, baada ya kula. Don Hipólito alimwahi. Alisimama na glasi, mashavu mekundu kwa moto na mvinyo.

"Ndugu zangu! Bingwa wetu anatuacha! Barcelona imemwita!"

Watu wakapiga makofi, wakamzunguka, wakamkumbatia. Jorgelina akabanwa katikati ya mabega na manukato, hawezi kupita. Alijua Eliseo yuko nyuma yake, mwisho wa meza. Basi akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote: akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akafungua kiganja.

Navuka.

Alisubiri aisikie "sawa". Hakusikia kitu. Alipofaulu kugeuka alikuta sahani imejaa na kiti kitupu.

Alimpigia usiku huohuo.

"Umeondoka bila kuaga?"

"Niliona mkono wako," Eliseo alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu kupita kiasi. "Nimeelewa, Jorgelina. Unavuka."

"Umeelewa nini hasa?"

"Bahari. Nenda, mpenzi, ni haki yako. Mimi sitaki kuwa jiwe shingoni mwako. Safari njema."

Akakata. Alijiona muungwana, kumbe ulikuwa woga umevaa tai. Jorgelina alibaki ameikodolea simu macho. Kisha hasira ikapanda, hasira yenye haki. Ameniamulia! Hakuuliza, hakujibu, kaniamulia! Aliapa hatampigia tena, na hakumpigia.

Wiki ilipita. Eliseo alikosea oda za wateja, akampa kasisi fremu za waridi. Jumamosi asubuhi dada yake Ofelia, mshirika wake dukani, alimkuta mezani kwake na vazi la tenisi mwilini, hatoki wala havui.

"Fainali si leo?"

"Hanitaki pale. Anavuka kwenda Ulaya. Alinionyesha kwa mkono mbele ya watu wote."

"Hebu nionyeshe huo mkono."

Eliseo akageuka, akafungua kiganja nyuma ya mgongo.

"Mimi tenisi siijui," Ofelia alisema. "Mkiwa uwanjani, akifanya hivyo, anakwenda wapi? Anatoka nje aende zake?"

"Anatoka nje wapi! Anavuka anakuja upande wa kwangu, mimi nakwenda kushika..."

Akageuka, akamkodolea dada yake macho. Ofelia akamvua miwani, akaifuta kwa aproni yake, akamrudishia usoni.

"Mganga hajigangi," alisema. "Kimbia, mjinga wewe."

Alifika klabuni jasho linamtiririka wakati mwamuzi anataka kuwapa ushindi wapinzani, Baigorria na mkewe, madaktari wa meno waliovaa mavazi meupe kuliko meno ya wateja wao. Jorgelina alikuwa amesimama wima kando ya wavu, raketi kwapani, uso wa jiwe.

"Umechelewa."

"Jorgelina, naomba nikuambie..."

"Simama mahali pako."

Seti ya kwanza hakumpa ishara hata moja. Mkono wa kushoto ulishika raketi pamoja na wa kulia, mgongo ulikuwa ukuta. Wakapoteza vibaya. Walipoketi kubadilisha upande, Eliseo hakugusa maji.

"Ulikuwa unakuja kwangu," alisema. "Siku ile. Ulikuwa unavuka kuja kwangu."

"Wiki nzima ndiyo umeliona hilo? Fundi wa macho!"

"Niliogopa. Nikajifanya mkarimu. Lilikuwa kosa langu, na lilikuumiza. Nisamehe."

Jorgelina alimtazama. Alitafuta kisingizio katika uso ule, akakuta jasho tu na udongo mwekundu kwenye nyusi.

"Mimi nilikuambia nini? Ishara bila jibu?"

"Ni mkono tu."

"Nilisimama pale na kiganja changu wazi kama ombaomba, Eliseo. Usinifanyie hivyo tena."

"Sitakufanyia. Na Barcelona?"

"Anzisha mpira."

Na mkono ukarudi. Ngumi, sawa! Kiganja, sawa! Jorgelina alicheza kama mtu ambaye goti lake ni jipya. Alivuka, akafyeka mipira hewani, akamfanya daktari wa kiume aseme neno lisilosemwa mbele ya wagonjwa. Seti ya pili wakaichukua. Ya tatu ikavutwa huku na huku hadi wazee wakaacha karata, na hatimaye ikabaki pointi moja ya ubingwa, Eliseo akianzisha.

Aliudundisha mpira. Akatazama mgongo wa Jorgelina. Mkono wa kushoto ulikuja nyuma, ukafunga ngumi, na haukuondoka haraka kama kawaida. Ulikaa.

Nabaki.

Eliseo aliushika mpira usidunde tena. "Hiyo ni ya mpira," aliuliza, "au ya Barcelona?"

"Zote," Jorgelina alijibu bila kugeuka.

"Unabaki kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu! Nusu ya umri wangu nimelala vitanda vya hoteli, na mabinti wangu hapa ndiyo kwanza wanajifunza kupeana mgongo. Nilimkatalia Vlasta jana, kabla hujaja. Usingekuja ningebaki vilevile. Ila ningebaki nimenuna."

"Wachezaji, tafadhali," mwamuzi alisema.

"Sawa!" Eliseo alipiga kelele, na wazee wote wakaitikia: "Sawaaa!"

Akarusha mpira juu, akaupiga ukagonga wavu. Mpira wa pili ndio ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Akautoa mfukoni, akatazama tena mbele.

Ngumi ilikuwa palepale. Kisha, polepole, kidole kimoja kikachomoka. Hakikuwa cha shahada wala kidole gumba. Kilikuwa kile cha pete, kikasimama peke yake, kitupu, kinasubiri.

"Hiyo hujanifundisha," Eliseo alisema.

"Wewe si mtaalamu wa macho? Soma."

Mke wa Baigorria, upande wa pili, aliteremsha raketi yake. Jorgelina hakugeuka. Mgongo alikuwa ameshautoa. Kilichobaki ni kusikia.

"Sawa," Eliseo alisema, na safari hii hakupiga kelele, ila kila mtu alimsikia.

Kidole kikarudi ndani ya ngumi. Jorgelina akavuta pumzi, akakunja magoti, akainua raketi usawa wa kifua.

"Haya anzisha, mume wangu," alisema. "Watu wanasubiri."