Onesphory na Hisa Zilizoshuka Bei

Onesphory wa Kanazi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka akionekana kwenye migomba ya jirani, yeye ndiye aliyeitwa. Lakini asubuhi ile redio ilitangaza kwamba uchumi wa dunia umetikisika na bei za hisa zimeanguka.

"Maawe! Mama Klaudia, tumekwisha!"

"Nani amekufa?" aliuliza mkewe, Kokwijuka.

"Hisa!"

Mwaka uliopita walikuwa wamenunua hisa za benki, yaani sehemu ndogo ya umiliki wake. Ilikuwa akiba ya ada ya binti yao, Klaudia, aliyebakiza miaka mitatu aingie chuo cha uuguzi. Sasa robo ya thamani yake ilikuwa imepotea. Wote wawili walikimbilia Bukoba mjini kwa Evelyne, binti wa jirani yao, aliyefanya kazi kwa dalali wa hisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uza zote!"

"Kaa kwanza, baba."

"Nikikaa bei itapanda?" Hata hivyo alikaa.

"Je, benki yenyewe imefungwa?" Evelyne aliuliza.

"Aa, jana nimepita. Foleni ya wanaoweka fedha imefika mpaka mlangoni."

"Basi kilichoanguka ni bei. Msukosuko ukija, watu huogopa. Wengi wakiuza kwa pamoja, bei hushuka. Ukiuza leo, hasara hiyo umeichukua moja kwa moja."

"Nikisubiri itarudi?"

"Siwezi kukuapia. Kampuni nyingine huanguka zisiinuke. Hii inafanya kazi vizuri, na ada inahitajika baada ya miaka mitatu. Unao muda." Evelyne akatabasamu. "Hivi, yule Rutaihwa wa kijijini kwetu alipouza kahawa yake butura, ikiwa bado maua, kwa kuogopa mvua ya mawe, ulimwambia nini?"

Onesphory alikohoa. Kanazi nzima ilikuwa imesikia alichomwambia, mchungaji akiwemo.

"Nilimwambia hofu yake imemnenepesha mchuuzi."

"Na leo wewe unataka kufanya nini?"

"Butura," alijibu kwa sauti ndogo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kosa lako ni kuweka ada yote kwenye kampuni moja," alisema Evelyne. "Fedha ya kutumia karibuni isikae kwenye hisa."

Hawakuuza. Kila msimu wa kahawa waliweka akiba ya ada ya mwaka wa kwanza kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mwaka wa tatu, bei ya hisa ilikuwa imerudi palepale, na gawio, yaani mgawo wa faida ya benki, lilikuwa limelipwa mara mbili. Klaudia akaenda chuo na sare mpya tatu.

"Hizo sare umenunua kwa fedha gani?" Onesphory alimuuliza mkewe.

"Kwa hisa zangu. Nilizinunua siku iliyofuata baada ya kutoka kwa Evelyne, zikiwa bado chini. Nimeziuza kwa faida."

"Wewe mwanamke! Hukuogopa?"

"Niliogopa sana," alisema Kokwijuka. "Ndiyo maana nilipeleka fedha ya maharage niliyouza, sikugusa ya ada."