Kitufe Kilichokwama

Siku ya soko Naivasha, watu wakisukumana kwenye mitumba, mikono miwili ilishika jaketi moja la ngozi.

"Boss, achilia. Mimi ndiye nimeliona kwanza," Chepchumba alisema. Shati lake jeupe la mwanafunzi wa urubani lilikuwa limepigwa pasi likanyooka.

"Haya, madam, chukua." Ndegwa alicheka. "Mimi ni fundi wa redio za hizo ndege zenu. Ukipotea huko juu utaniita."

"Nani amekwambia nitapotea?"

Wakaanza kupigiana simu kila jioni.

"Umekula, rubani wangu?"

"Bado. Niletee samaki wa pale ufukweni Kamere, na usile kichwa njiani!"

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha Chepchumba akiruka juu ya ziwa na mwalimu wake, Wangui, kitufe cha kuzungumzia redioni kikakwama. Maneno yao yote yakasikika hadi karakana, alikokuwa Ndegwa.

"Ndegwa anataka kuleta wazee nyumbani," Chepchumba alisema bila kujua.

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi siwezi kuolewa naye..."

Ndegwa akazima redio. Jioni hiyo alikitengeneza kitufe kimyakimya, na simu za Chepchumba hakuzishika tena.

Juma lililofuata Chepchumba aliruka peke yake kwenda Nakuru. Karibu na Elmenteita redio ikafa. Alikagua nyaya za vipokea sauti, akajaribu redio ya pili, kimya. Kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa watu wa rada, akaweka 7600: nambari ya aliyepoteza redio. Akageuza ndege kurudi Naivasha, macho yakitafuta ndege nyingine asije akagongana nazo.

Watu wa rada walipiga simu karakana. Ndegwa alikimbia hadi ukingoni mwa uwanja, akasimama hapo hadi magurudumu yalipogusa ardhi.

"Uko sawa? Hiyo redio niliikagua mara tatu!"

"Wacha redio. Wangui aliniambia kitufe kilikwama siku ile. Ulisikia nusu, Ndegwa. Nilisema siwezi kuolewa nawe kabla sijapata leseni. Baba tulimzika Februari. Alingoja sana kuniona rubani. Hilo lazima nimmalizie."

Ndegwa aliinamisha kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Nimekupigia mara kumi na tisa!"

"Nisamehe, Chumba."

"Tengeneza redio. Kesho naenda Nakuru tena, na mwezi ujao ni mtihani. Nikipita, lete wazee."

Ndegwa alikuwa tayari amepanda ndani, bisibisi mkononi.

"Wangapi?"

"Wote."